Mtoto wa Maandalizi Anakuhitaji na Wewe

Hebu tuanze na karafuu. Msimu ukifika, watu wa Wambaa na vijiji vingine vya Pemba huijua kazi yake. Mchana ni kuchuma. Jioni nyumba nzima hukaa kuchambua, karafuu huku, makonyo kule. Mtoto wa miaka 4 naye husogea karibu na mama yake. Anataka kuchambua. Wengi wetu humfukuza. Tunamwambia, "Ondoka, utachanganya!"

Usimfukuze. Mpe kishada kimoja. Mwambie, "Hizi karafuu, weka hapa. Haya makonyo, weka pale." Kisha hesabuni pamoja karafuu tano. Akikosea, hesabu naye tena.

Je, unajua kwamba hilo ni somo? Katika skuli ya maandalizi mwalimu hufanya vivyo hivyo. Huwapa watoto vifuu, kokoto na makombe ya pwani. Watoto huvitenga, vikubwa mbali na vidogo mbali. Huvihesabu kwa mikono kabla ya kuziona hesabu za ubaoni.

Kwa Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006, maandalizi ni sehemu ya elimu ya lazima. Mtoto huanza akiwa na miaka 4. Akifika miaka 6 huingia darasa la kwanza. Basi mwandikishe mwanao. Lakini usidhani kazi yako imekwisha. Mtoto huyo hukaa skuli saa chache za asubuhi. Saa zote zilizobaki yumo mikononi mwako.

SKULI ZA WANAKIJIJI

Yako mambo ya kujifunza kutoka kwa wenzetu. Katika miaka ya 1980 ulianza mpango wa skuli za maandalizi za madrasa huko Mombasa, Kenya. Aliyeuanzisha kazi ni mwalimu Bi Swafiya Said, kwa msaada wa Shirika la Aga Khan. Mwaka 1990 mpango ukafika Zanzibar, na mwaka 1993 ukafika Uganda. Baadaye ulifika katika vijiji na mitaa zaidi ya 200.

Mpango huo haukuwajengea watu skuli na kuwakabidhi ufunguo. Wanakijiji walikubaliana kwanza. Walitoa mahali pa kusomea. Walichagua kamati. Walichagua wanawake wa hapo hapo kijijini, nao wakafunzwa ualimu. Vifaa vilitengenezwa kwa vitu vilivyopo, kama vifuu, mbegu, ukili na vitambaa. Watoto walijifunza Kurani, na pia walicheza, waliimba na walihesabu.

Hapa pana jambo ambalo halisemwi sana barazani. Katika skuli nyingi za namna hii, mwalimu hulipwa kwa michango ya wazazi. Mchango ukikatika, mwalimu huvumilia mwezi wa kwanza. Huvumilia na wa pili. Halafu hutafuta kazi nyingine, maana naye ana watoto. Jengo linabaki, lakini watoto wanarudi kuzurura. Tukiwa wakweli, skuli ya namna hiyo haikuuawa na umasikini peke yake. Iliuawa pia na wazazi walioiona kuwa ni ya mwalimu.

MAZIWA PEKE YAKE HAYAKUTOSHA

Mfano mwingine unatoka mbali, katika kisiwa cha Jamaika, ng'ambo ya bahari upande wa Marekani. Mwaka 1986 na 1987 wataalamu waliwachukua watoto 129 wa familia masikini mjini Kingston. Watoto hao walikuwa na miezi 9 hadi 24, nao walikuwa wamedumaa. Baadhi yao walipewa maziwa. Baadhi walitembelewa nyumbani na mhudumu wa afya, saa moja kila wiki, kwa miaka 2. Wengine walipata vyote viwili, na wengine hawakupata kitu.

Mhudumu yule hakucheza na mtoto peke yake. Alimwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mwanawe, kwa vitu vya kawaida vya nyumbani.

Baada ya miaka 20 wataalamu waliwatafuta tena. Waliotembelewa walikuwa na mapato zaidi ya wenzao kwa asilimia 25. Yaani mwenzake akipata shilingi 100, yeye alipata 125. Maziwa peke yake hayakuleta tofauti hiyo.

AKINA BABA NAO

Wako akina baba wanaosema kuwa maandalizi ni mambo ya wanawake. Sivyo. Wewe mvuvi unajua bamvua na maji mafu. Unajua Kaskazi na Kusi. Mwulize mwanao, "Maji yanajaa au yanakupwa?" Ukirudi na samaki, akuonyeshe yupi changu na yupi pono. Mtoto anayezungumza na baba yake hupata maneno mengi, na bila maneno kusoma ni kugumu. Bibi naye anaposuka ukili wa rangi, amwulize mjukuu ni rangi gani inayofuata.

Na wewe uliyejifunza kusoma juzi, usione haya. Kaa na mtoto, mfungue gazeti hili pamoja. Mwonyeshe herufi W ya Wambaa. Akikuona unafuata mstari kwa kidole, polepole, atataka kujaribu na yeye.

Kamati ya skuli ikiita mkutano, nenda. Mwulize mwalimu kama mtoto wako anacheza na wenzake, na kama anasema au ananyamaza tu. Uliza pia michango iliyokusanywa ni kiasi gani na imetumika vipi. Fedha ni zenu, na ni haki yenu kusikia hesabu.

Siku za karafuu zina taabu yake. Watu huamkia mikarafuuni, na mtoto hukosa wa kumpeleka skuli. Basi pangeni mapema. Nyumba tatu jirani zinaweza kupokezana, leo bibi wa nyumba hii, kesho shangazi wa nyumba ile. Na ukishapokea fedha za karafuu zako, toa kwanza mchango wa mwalimu, ndipo uende dukani.