Chakula cha Mtu Aliyepunguzwa Tumbo

Mwezi huu twataka kusema juu ya jambo ambalo wazee wetu hawakulijua, nalo siku hizi habari zake zimefika hata vijijini kwetu Rungwe. Ni upasuaji wa kupunguza tumbo, afanyiwao mtu ambaye unene umekuwa ugonjwa wake. Wengi husimulia habari za kisu, na wengi huuliza bei yake. Ni wachache waulizao, Je, mtu huyu akirudi Tukuyu, au Kiwira, au Katumba, au Masoko, atakula nini? Nasi twaona ya kuwa swali hili ni kubwa kuliko yale mengine, kwa maana kazi ya daktari hukwisha kwa saa chache, bali kazi ya jiko haikwishi maisha yote.

UNENE ULIOKUWA SIFA

Nchi yetu imejaliwa mvua na udongo mzuri wa majivu ya volkano. Migomba imezunguka kila nyumba; kuna viazi, magimbi, maharage, maziwa, na wali kutoka Kyela. Zamani mtu akinenepa, watu walisema nyumba yake ina heri, na mke wake anajua kupika. Wala hawakukosea sana, maana mtu yule yule alipanda na kushuka vilima kwa miguu, akalima kwa jembe tangu alfajiri, na chakula alichokula kiliishia shambani.

Siku hizi vilima hupandwa kwa pikipiki. Wengi hushinda wamekaa dukani au ofisini, na juu ya ndizi zile zile wameongeza soda, maandazi, na vyakula vilivyozama katika mafuta. Uchunguzi wa afya wa Tanzania uliofanywa mwaka 2010 ulionyesha ya kuwa katika kila wanawake 100 wa umri wa miaka 15 hata 49, wapata 22 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Katika uchunguzi wa mwaka 2015 na 2016 walikuwa 28. Uzito huo huleta kisukari, shinikizo la damu, maumivu ya magoti, na kukosa pumzi usingizini. Basi tusimcheke mtu wa namna hii, wala tusimwite mlafi. Mara nyingi amejaribu kufunga na kujinyima, naye mwili umemrudisha pale pale.

KAZI YA DAKTARI

Upasuaji wa namna hii si jambo la jana. Mwaka 1966 daktari Edward Mason wa Iowa, Marekani, alianza kuwapasua wagonjwa kwa njia ambayo, baada ya kurekebishwa mara nyingi, yatumika hata leo. Daktari hutenga kifuko kidogo sehemu ya juu ya tumbo, si kikubwa kuliko yai la kuku, kisha hukiunganisha na utumbo mbele zaidi, hata chakula kikapita njia ya mkato. Njia ya pili, iliyoenea sana siku hizi, ni kukata na kuondoa wapata sehemu nne katika tano za mfuko wa tumbo, ukabaki mwembamba kama mrija. Iko na njia ya tatu isiyo ya kisu, nayo ni kutia puto ndani ya tumbo kwa kupitia kinywani, likakaa miezi sita au zaidi, kisha likatolewa. Kwetu Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili katika tawi lake la Mloganzila, Dar es Salaam, imeanza huduma hizi katika miaka ya karibuni.

Si kila mnene apaswa kupasuliwa. Madaktari hupima uzito kwa kilo, wakaugawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu mwenye urefu wa mita 1.60 na uzito wa kilo 103 hupata kipimo cha 40. Kwa miaka mingi kipimo hicho kilikuwa mpaka wa upasuaji, au 35 kama mtu ana ugonjwa uletwao na unene. Mwaka 2022 vyama vikubwa vya madaktari wa kazi hii vilishauri ya kuwa 35 yatosha hata bila ugonjwa mwingine. Mtu ambaye nguo tu zimembana hahitaji kisu.

KABLA YA KUPASULIWA

Maandalizi huanza jikoni. Mara nyingi daktari humwagiza mgonjwa kula chakula kidogo, chenye wanga, sukari na mafuta machache, kwa muda wa majuma mawili hivi kabla ya siku yenyewe. Sababu yake ni ini. Ini hulala juu ya tumbo, na la mtu mnene mara nyingi limevimba kwa mafuta. Akila hivyo, ini hunywea, naye daktari hupata nafasi ya kufanya kazi bila kulijeruhi. Basi jamaa wasimfanyie mgonjwa karamu ya kumuaga. Ndizi na nyama za siku ile zaweza kuwa kikwazo mbele ya daktari.

Tumbaku iachwe, na pombe iachwe. Mwenye kutumia dawa za kisukari asibadili chakula bila kumwuliza mganga wake, maana chakula kikipungua na dawa ikabaki vile vile, sukari ya damu yaweza kushuka hata akaanguka. Tena aanze mapema kujifunza adabu mpya ya kula: kukata tonge dogo, kulitafuna hata lilainike kabisa, na kutokunywa maji pamoja na chakula.

MAJUMA YA KWANZA

Baada ya kupasuliwa, tumbo ni kidonda. Kila hospitali ina utaratibu wake, na mgonjwa afuate ule aliopewa. Lakini mara nyingi huwa hivi. Siku za kwanza ni maji na supu iliyochujwa, kwa mafunda madogo. Kisha hata mwisho wa juma la pili ni vitu vya majimaji: maziwa yasiyo na mafuta mengi, mtindi, na uji mwepesi sana uliochanganywa na maziwa. Juma la tatu na la nne ni vyakula vilivyopondwa hata vikawa laini, kama maharage yaliyochujwa maganda, au samaki aliyesagwa katika mchuzi. Juma la tano na la sita ni vyakula vya kuponda kwa uma, kama mayai na samaki asiye na miiba. Baada ya hayo hurudi polepole kwenye chakula cha nyumbani.

Vijiko vichache vitamshibisha. Mama mzazi akiona hivyo huingiwa na hofu, akasema, “Mwanangu, ongeza kidogo tu.” Maneno haya ni ya upendo, lakini kijiko kimoja cha zaidi chaweza kumletea maumivu na kutapika.

KITOWEO KWANZA, NDIZI BAADAYE

Sasa tumefika penye neno tunalotaka wasomaji walishike kuliko yote. Mezani petu ndizi ndizo chakula, na maharage, samaki au nyama ni kitoweo cha kusindikiza. Mtu mwenye tumbo kubwa aweza kula hivyo, maana baada ya ndizi nyingi bado ana nafasi ya kitoweo. Mwenye tumbo dogo hawezi. Akianza na ndizi, nafasi imekwisha, na mwili wake umekosa protini, yaani chakula cha kujenga mwili. Hapo mwili huanza kujila misuli yake wenyewe; mtu hupungua, na watu humsifu, kumbe anadhoofika.

Madaktari huagiza apate gramu 60 hata 80 za protini kila siku. Tuhesabu pamoja. Kilo nzima ya ndizi zilizochemshwa haifikishi gramu 15, wala yeye hawezi kula kilo nzima. Lakini mayai mawili yana gramu 12; bilauri tatu za maziwa zina 24; kipande cha samaki cha gramu 100 kina 20; na nusu kikombe cha maharage kina 7. Jumla yake ni 63. Vyote hivi vyapatikana hapa kwetu: maziwa ya ng'ombe wetu, samaki na dagaa wa Ziwa Nyasa, mayai ya kuku wa uani. Ambaye maziwa mabichi humsumbua tumbo, mara nyingi mtindi humfaa.

Basi utaratibu wa sahani ugeuzwe. Kitoweo kitangulie, mboga zifuate, ndizi au wali uje mwisho kama nafasi imebaki. Parachichi letu ni tunda jema, lakini lina mafuta mengi. Vipande viwili vyatosha, si tunda zima. Soda na juisi zenye sukari ziachwe, maana hupita upesi na kunenepesha bila kushibisha. Na kwa yule aliyeunganishwa utumbo, sukari nyingi yaweza kumletea jasho, moyo kwenda mbio, kizunguzungu na kuhara. Pombe nayo, hata ile ya ulezi, humlewesha upesi kuliko zamani.

CHAI, MAJI NA VIDONGE

Anywe maji lita moja na nusu kwa siku au zaidi, funda kwa funda, wala asiyanywe pamoja na chakula. Angoje nusu saa baada ya kula.

Vidonge vya vitamini na madini ni vya maisha yote: vitamini B12, vitamini D, chuma, kalsiamu na vinginevyo kama daktari alivyoandika. Hapa ndipo wengi huteleza. Mwaka wa kwanza hujisikia wazima, wakaacha vidonge. Na upungufu wa damu, au ganzi ya miguu, huja pole pole bila kubisha hodi. Tena sisi ni watu wa nchi ya chai, na chai huzuia mwili kupokea madini ya chuma. Kwa hiyo chai isinywewe pamoja na kidonge cha chuma wala pamoja na chakula, bali ipishane navyo kwa saa moja au zaidi. Chuma na kalsiamu navyo visimezwe pamoja. Viachane saa mbili.

Nywele zaweza kupukutika mwezi wa tatu hata wa sita. Mara nyingi huota tena, mradi mtu apate protini na vidonge vyake. Mwanamke azuie mimba kwa miezi 12 hata 18, naye ashauriane na daktari juu ya njia, maana uzito ukipungua uzazi huweza kurudi ghafula.

Dar es Salaam iko mbali nasi zaidi ya kilometa 800. Kwa hiyo mgonjwa asitoke huko bila barua ieleza alichofanyiwa, vidonge vyake, na vipimo vya damu vitakiwavyo, apate kuionyesha hospitali iliyo karibu, kama Makandana, au Igogwe, au ile ya rufaa Mbeya. Asingoje akiona mambo haya: homa, maumivu makali ya tumbo, moyo kwenda mbio, kukosa pumzi, au mguu kuvimba. Na mtu atapikaye siku baada ya siku, kisha akayumba au akachanganyikiwa, apelekwe upesi sana. Huenda amepungukiwa vitamini B1, na kuchelewa kwaweza kumharibu mishipa ya fahamu daima.

SAHANI YA WENGI

Limebaki jambo moja, nalo huenda ndilo gumu kuliko yote. Wanyakyusa wana neno *ukwangala*, yaani kuketi pamoja kwa furaha, kuzungumza, kula na kunywa na wenzako. Monica Wilson, aliyekaa nchini humu na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliliona neno hili kuwa na uzito hata akakiita kitabu chake cha mwaka 1951 kwa maana ya usuhuba huo. Katika nchi kama hii, anayekataa chakula huonekana amekataa watu. Kwa hiyo aliyepunguzwa tumbo akienda msibani au arusini hujaribiwa na mambo mawili: ale hata aumie, au akae nyumbani peke yake. Yote mawili ni mabaya. Upweke humrudisha mtu kwenye kula kwa siri, na kwa njia hiyo uzito hurudi.

Twashauri hivi. Mgonjwa aende, aketi na wenzake, apokee sahani ndogo, ale kipande cha nyama na maharage kidogo, aseme *ndaga*, kisha azungumze. Mwenye nyumba naye asimpakulie mara ya pili, wala asitangaze mbele za watu, “Huyu ndiye aliyekatwa tumbo.” Na wale walao nyumbani pamoja naye wapike chungu kimoja, kitoweo kikiongezwa na mafuta yakipunguzwa, wasimtenge kwa sufuria yake kama mgonjwa wa siku zote. Chakula kimfaacho yeye chawafaa hata watoto.

Ukwangala haukuwa kamwe kipimo cha tonge. Ulikuwa kipimo cha nafasi ambayo watu humpa mwenzao katikati yao. Nayo nafasi hiyo, hata tumbo likipunguzwa, haipasi kupunguzwa.