Bagamoyo Si Pwani ya Starehe Tu

Wako wenzetu wafanyakazi waendao Bagamoyo siku za mapumziko, wakaoga, wakacheza dansi, kisha wakarejea Dar es Salaam wakidhani wameuona mji. Twasema hawakuuona. Pale ndipo wapagazi kutoka bara walipotua pembe za ndovu zilizowachubua mabega, na watumwa wakapakiwa majahazini kwenda Unguja. Pale Wadachi waliweka makao makuu yao hadi mwaka 1891. Watu wa pwani walipowakataa mwaka 1888, Abushiri aliongoza vita. Wakamnyonga Pangani mwaka uliofuata. Kaole nako, magofu ya misikiti yangali yasimama. Kupumzika ni haki ya mfanyakazi. Lakini ndugu, kabla hujaingia majini, pakanyage kwanza mahali babu zetu walipotua mizigo.