Pesa ya matangazo mtandaoni: soma hii kabla hujatuma bonasi yako kwa "tovuti inayojilipa"

Msimu wa bonasi ya chai ukikaribia Kericho na Bomet, kuna ujumbe fulani huanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Lipa elfu kumi, tukutengenezee tovuti, tukuweke ukurasa wa kwanza wa Google, halafu matangazo yakulipe kila wiki ukiwa umelala. Wateja wanatuuliza kama ni kweli. Pesa ya matangazo ipo, na kuna Wakenya wanaoipata, lakini haiji hivyo.

Hebu tuanze na pesa inakotoka. Kampuni inayotaka kuuza bidhaa inailipa Google ili tangazo lake lionekane. Google, kupitia huduma yake ya AdSense, inaliweka tangazo hilo kwenye tovuti yako na kukugawia sehemu ya malipo. Kujiunga na AdSense ni bure kabisa. Unachohitaji ni umri wa miaka 18, tovuti yako mwenyewe, na maandishi uliyoyaandika wewe, sio ya kunakili. Hata tovuti yenyewe unaweza kuianza bure kwa Blogger. Kwa hivyo mtu akikuomba "ada ya usajili wa AdSense" kwa simu, hiyo pesa inaingia mfukoni mwake tu.

Malipo yenyewe ni kama kupeleka majani kwenye kituo: kinachohesabiwa ni kilo. Tuseme, kwa mfano tu, kila mara ukurasa wako ukifunguliwa mara elfu moja unapata dola moja. Google hailipi mpaka ufikishe dola 100, kwa hivyo unahitaji kurasa kufunguliwa mara laki moja kabla ya kuona shilingi ya kwanza. Ukishafikisha, mapato ya mwezi huu hulipwa mwezi unaofuata, kati ya tarehe 21 na 26. Hakuna malipo ya kila wiki. Na usijaribu kujibonyezea matangazo ama kuwaomba jamaa wakubonyezee. Google huligundua hilo na akaunti hufungwa.

Sasa, hao wasomaji watatoka wapi? Wengi huja kwa kutafuta kitu Google, na hapa ndipo watu wanadanganywa zaidi. Nafasi katika matokeo ya kawaida ya utafutaji hainunuliwi. Ukilipa Google, unapata tangazo lenye alama kwamba limelipiwa, basi. Matokeo mengine yanapangwa na programu inayopitia kurasa na kupima ni upi unaojibu vizuri zaidi swali la anayetafuta, kama unafunguka haraka kwenye simu, na kama tovuti nyingine zinauelekeza msomaji kwako. Anayekuahidi namba moja anaahidi kitu ambacho si chake.

Lakini mtu wa Litein ama Mogogosiek ana kitu ambacho mtu wa Nairobi hana. Ukiandika kuhusu "chai" tu, utamezwa na tovuti kubwa za dunia nzima. Andika basi kile ambacho jirani yako anakitafuta akiwa na shida: kichaka kifanyiwe nini baada ya mvua ya mawe (na Kericho ni kati ya sehemu za dunia zinazopigwa na mawe mara nyingi zaidi), mbolea ya NPK 26:5:5 iwekwe lini, ama chai ya zambarau ya TRFK 306, iliyotolewa na watafiti wa hapa Kericho mwaka 2011, ina tofauti gani na ya kawaida. Maswali ya bonasi ya KTDA hupanda kila mwaka karibu na Septemba na Oktoba, kwa hivyo ukurasa wake uwe tayari miezi kadhaa kabla, maana Google huchukua muda kuuamini ukurasa mpya. Chombo cha kuona watu wanatafuta maneno gani kufika kwako kinaitwa Search Console, nacho pia ni bure.

Lugha nayo ina hesabu yake. AdSense inakubali Kiswahili na Kiingereza, lakini Kipsigis haimo kwenye orodha. Inauma, kwa sababu ndiyo lugha ambayo mkulima mwingi angeisoma kwa raha. Na wenye matangazo kwa kawaida hulipa zaidi kumfikia msomaji wa Marekani ama Uingereza kuliko wa Bomet, kwa hivyo ukurasa wa Kiingereza kuhusu chai ya zambarau unaweza kukulipa vizuri kuliko ule wa mbolea, hata ukisomwa na wachache.

Mambo mawili ya pesa yenyewe. Kwanza, kodi: tangu Julai 2023 sheria inayataja mapato ya maudhui ya kidijitali, na mkazi hukatwa asilimia 5. Hata kama hakuna aliyekukata, yaandike kwenye ritani yako ya KRA.

La pili linatuhusu sisi moja kwa moja. Mapato yakifika dola 10, Google hutuma barua kwa posta yenye namba ya siri ya kuthibitisha anwani yako. Namba hiyo inaitwa PIN, na jina hilo limewaponza watu. Utaiingiza mwenyewe ndani ya akaunti yako ya AdSense, ukiwa na miezi minne kabla matangazo hayajasimamishwa. Kama huna sanduku la posta, tumia la shule ama kanisa lililo karibu, kwa ruhusa. Malipo huingia kwenye akaunti ya benki yenye jina lako, kisha wewe ndiye unayeyahamisha kwenda kwa simu. Kwa hivyo mtu akipiga akisema "hela yako ya Google imekwama, nipe PIN ya simu tuiachilie", kata simu. Kama ulishaitaja, badilisha PIN sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma, halafu upigie huduma kwa wateja ukiwa na namba ya muamala mkononi.