Tendo la Ndoa Baada ya Matibabu ya Tezi Dume



Wapendwa wasomaji, mwezi huu tunawaandikia akina baba wa makamo na wazee, pamoja na wake zao, juu ya jambo ambalo wodini huulizwa kwa kunong'ona, tena mara nyingi siku ya mwisho, mgonjwa akiwa tayari ameshika karatasi ya kuruhusiwa: "Sista, je, mimi bado ni mwanamume?"

Swali hilo ni la haki, na yafaa liulizwe mapema. Huku kwetu Lupaso, Masasi na Newala, kijana hufundishwa mambo ya unyumba jandoni, na binti unyagoni. Mafunzo hayo ni ya kuanzia nyumba. Hakuna anayewafundisha mume na mke la kufanya mzee akifika miaka 65 na tezi ikafanyiwa upasuaji. Hapo kila mmoja hunyamaza, mume akidhani mke amemchoka, naye mke akidhani mume ana nyumba nyingine.

Tezi dume ni kiungo kidogo kilichoko chini ya kibofu, nacho kimeuzunguka mrija wa mkojo. Kazi yake ni kutoa sehemu ya majimaji ya shahawa. Uume hausimamishwi na tezi. Unasimama kwa damu inayoingia ndani yake, na damu hiyo huamriwa na mishipa ya fahamu myembamba sana inayopita kandokando ya tezi, kulia na kushoto. Hamu ya tendo la ndoa nayo hutegemea homoni itokayo kwenye korodani. Tena hisia za ngozi ya uume huletwa na mishipa mingine, ambayo haipiti hapo kwenye tezi. Kwa hiyo kusimama, hamu, hisia na shahawa ni mambo manne mbalimbali, na tiba inaweza kugusa moja na kuacha mengine. Basi mgonjwa ajue kwanza ni tiba gani aliyopata.

Wengi wanaopasuliwa katika hospitali za misheni wana uvimbe wa kawaida wa uzee, ambao si saratani. Daktari huondoa nyama iliyovimba ndani na kuacha ganda la tezi, na ile mishipa ya pembeni kwa kawaida haiguswi. Aliyekuwa na nguvu kabla ya upasuaji mara nyingi hubaki nazo. Kinachobadilika ni kwamba shahawa hazitoki nje. Hurudi nyuma kwenye kibofu na kutoka baadaye na mkojo, ambao huonekana kama una ukungu. Raha ya tendo ipo, ila mzee hushtuka akiona pakavu. Si ugonjwa, wala shahawa hazimwozei mtu tumboni kama tunavyosikia ikisemwa vijiweni. Kwa kawaida tunawashauri wasubiri wiki nne hadi sita kabla ya kukutana kimwili, na muda huohuo wasishike jembe wala kubeba gunia.

Saratani ni habari nyingine, kwa sababu hapo tezi yote huondolewa. Watanzania wengi wanakumbuka kuwa Novemba 8, 2014 Rais Jakaya Kikwete alifanyiwa upasuaji wa saratani ya tezi dume katika hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani, na aliporudi nyumbani akalisema jambo hilo waziwazi. Tunamshukuru, maana kuna wazee waliokubali kupimwa kwa sababu yake. Katika hospitali hiyohiyo, mwaka 1982, daktari Patrick Walsh alifanya kwa mara ya kwanza upasuaji wa kuondoa tezi huku akiilinda kwa makusudi ile mishipa ya pembeni. Mwaka mmoja kabla, yeye na daktari Pieter Donker wa Uholanzi walikuwa wamechunguza na kuona hasa mishipa hiyo inapopita. Kabla ya hapo karibu kila aliyeondolewa tezi kwa saratani alipoteza nguvu. Siku hizi inategemea saratani imefika wapi, umri, na nguvu alizokuwa nazo mgonjwa kabla.

Hata ikilindwa, mishipa hiyo huvutwa na kuchubuka, nayo hupona polepole mno. Miezi ya kwanza karibu wote hawasimamishi. Nguvu huweza kurudi kidogokidogo kwa mwaka mmoja na nusu, hata miwili. Anayekata tamaa mwezi wa tatu amekata tamaa mapema. Kwa waliopata mionzi, kama inavyotolewa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, mambo huenda kinyume: mwanzoni nguvu zipo, kisha hupungua taratibu kwa miaka miwili au mitatu.

Na hisia? Hili ndilo linalowashangaza wengi. Kwa kuwa mishipa ya hisia haipiti kwenye tezi, ngozi huendelea kuhisi kama zamani, na mwanamume anaweza kufikia kilele cha raha hata kama uume haukusimama sawasawa. Wengine husema raha imepungua, wengine imebadilika tu, na wachache huona maumivu kwa muda. Mkojo kidogo unaweza kutoka wakati huo. Aende haja kwanza, na kitambaa kiwe karibu. Mama asichukizwe.

Waliopigwa zaidi ni wale ambao saratani yao imeenea. Hao hupewa sindano za kuzuia homoni au hutolewa korodani, tiba ambayo ni nafuu kwa bei na inaongeza siku za kuishi. Hapa kinachoondoka ni hamu yenyewe. Mzee hatamani. Hutokwa na jasho la ghafla, maziwa huweza kujaa kidogo, hununa upesi. Akiacha sindano kwa ruhusa ya daktari, hamu huweza kurudi baada ya miezi, lakini aliyetolewa korodani hairudi. Tunasema hivyo bila kuficha, kwa sababu ni hawa wanaodanganywa zaidi. Ni hapa pia mke anahitaji kuelezwa, na daktari mwenyewe, kwamba mumewe hakumkataa. Tumewaona waliolala vitanda viwili kwa mwaka mzima, na walipoelezwa wakiwa pamoja, wakarudi kitanda kimoja. Kushikana na kulala karibu hakuhitaji homoni.

Msimu wa korosho fedha zinapoingia, wauzaji wa dawa za nguvu nao huingia. Kuna vumbi la Kongo, kuna mizizi, kuna chupa zisizo na jina. Katika nchi mbalimbali wapimaji wamekuta dawa ya hospitali iitwayo sildenafili imechanganywa kwa siri katika dawa zinazouzwa kama mitishamba. Mwenye maumivu ya moyo anayetumia naitreti, zile dawa za kuweka chini ya ulimi, akimeza mchanganyiko huo presha inaweza kushuka ghafla na akafa. Baadhi ya dawa za tezi nazo hushusha presha. Sildenafili ikiandikwa na daktari inawasaidia wengi ambao mishipa yao ilibaki, ila haileti hamu isiyokuwepo. Ikishindikana, mabingwa wana pampu ya kuvuta hewa na sindano maalumu. Uume ukisimama zaidi ya saa nne, nenda hospitali usiku huohuo.

Wengine wameuliza kama ni dhambi kukutana wakati mtoto hawezi tena kupatikana. Sivyo. Waraka wa Humanae Vitae wa mwaka 1968 unafundisha kuwa tendo la ndoa halipotezi uhalali wake pale ugumba usiotokana na matakwa ya wanandoa unapojulikana. Wala upungufu wa nguvu uliokuja baada ya ndoa hauivunji ndoa. Maswali mengine ya dhamiri mwulizeni Padre, ameshayasikia.

Mpira wa mkojo ukishatolewa na daktari akiruhusu, anza zoezi hili: kaza misuli ya chini kama unayezuia mkojo na hewa, hesabu hadi tano, legeza. Fanya mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Linasaidia hasa mkojo usivuje, na kwa baadhi pia nguvu. Acha tumbaku, punguza uraka, pima sukari na presha. Na siku ya kurudi kliniki, baba, njoo na mama, mlete na karatasi ya upasuaji pamoja na dawa zote mnazotumia, hata zile za sokoni.