Iacheni Mikwaruzo ya Kanda

Nilikuwa narekodi kanda na kuziuza gulioni Ziba, wilayani Igunga, mpaka simu zilipoimaliza kazi hiyo. Ndiyo maana kijana akinisikilizisha lo-fi, muziki unaoachwa na kasoro zake za kurekodi, cha kwanza kunifika sikioni si kinanda, ni mkanda: ule mvumo wa chini chini, sauti inayoyumba, mikwaruzo ya santuri iliyonakiliwa humo. Siku hizi vyote hivyo huongezwa makusudi kwa kompyuta.

Sisi tulivipata bila kuviomba. Mkanda wa kaseti ni plastiki nyembamba iliyopakwa unga wa oksidi ya chuma, ndiyo maana una rangi ya kahawia. Chembe za unga ule zikipita kwenye hedi, kile kichwa kinachosoma mkanda, hutoa mvumo hata pasiporekodiwa kitu. Ukinakili kanda kutoka kanda nyingine, unanakili na mvumo wake, kisha unaongeza wako. Betri zikichoka, mota inazunguka polepole, mwimbaji anakuwa na sauti nzito kama ana mafua. Mteja anazitoa, anazianika juani, jioni zinampa nyimbo mbili tatu, na watu wanacheza.

Wanaotajwa kuianzisha lo-fi ni Wamarekani waliojirekodi nyumbani. Mwaka 1979 kampuni ya Tascam ilitoa Portastudio, mashine ya kurekodi njia nne kwenye kaseti ya kawaida. Mwimbaji Bruce Springsteen aliitumia kurekodi nyimbo za albamu ya Nebraska chumbani. Alipozijaribu studio na bendi zikapoteza kitu, hivyo mwaka 1982 zikatoka zile zile za kaseti. Baadaye watayarishaji J Dilla wa Detroit na Nujabes wa Tokyo walikata vipande vya santuri za zamani na kuvizungusha juu ya mdundo. Lo-fi ambayo wanafunzi husomea usiku imetokana na hao.

Lakini nikisikiliza Tabora Jazz, bendi ya Shem Karenga aliyeimba “Dada Asha”, nasikia jambo hilo hilo likiwa na sababu zake. Studio ya bendi zetu nyingi ilikuwa Redio Tanzania Dar es Salaam. Wanamuziki waliingia pamoja, wakapiga pamoja. Gitaa likapenya kwenye maikrofoni ya mwimbaji, tarumbeta zikajaza chumba kizima. Kisha wimbo ukarushwa masafa ya kati, ambayo hupitisha sauti mpaka kama kilohezi 5 tu, wakati sikio changa husikia hadi 20. Matoazi yalipotea njiani. Sauti ya mtu na gitaa zikabaki mbele, na mpaka leo ndivyo ninavyoupenda muziki ule.

Kwa hiyo naumia kila ninapomsikia mtu akijisifu kwamba amezisafisha nyimbo za zamani. Programu ya kufuta mvumo haijui mpaka wa mvumo na muziki. Inafuta na pumzi ya mpiga saksafoni, na kucha ikigusa waya, na ule mwangwi unaokuonyesha nani alisimama mbali na maikrofoni. Safisheni nakala. Rekodi ya kwanza iacheni ilivyotoka kwenye mkanda.

Na wewe mwenye kanda za marehemu baba kabatini, zizungushe kwanza mpaka mwisho na kuzirudisha, taratibu, zisije zikanasa. Pangusa hedi ya redio kwa pamba yenye spiriti, subiri ikauke. Ndipo uziingize kwenye kompyuta, pande zote mbili, bila kukata hata pale mtangazaji anaposalimia wasikilizaji.