Vumbi la Kitengela na Lori la Chama

Ikiwa una shamba katika skimu ya makazi, na chama chenu kimekopa fedha kununua lori la kuchukulia majani makavu, maziwa, maji au mchanga, yafaa ujue tangu mwanzo ni kitu gani kitakacholiua lori hilo. Watu wengi huogopa ajali, na ni haki yao. Lakini injini nyingi hufa polepole, kwa vumbi na kwa maji mabaya, na wenyewe wasijue mpaka siku fundi anapowaambia kwamba pistoni na silinda zimekwisha. Hapo lori husimama, lakini deni la benki halisimami.

Tutazame nchi ya Kajiado, kuanzia Kitengela kupita Isinya na Kajiado mjini mpaka Namanga. Malori ya kadiri, kama vile Isuzu NQR na FRR na Mitsubishi Fuso Canter, ni mengi huko. Barabara kuu ni ya lami, lakini mashamba, machimbo na visima haviko juu ya lami. Ukiiacha tu unaingia katika udongo mweusi, ambao wakati wa mvua hushika kama gundi, na wakati wa kiangazi huwa unga. Na hata kama shamba lako liko Nyandarua au Trans Nzoia, usidhani habari hii haikuhusu. Vumbi lako huenda likawa la rangi nyingine, lakini kazi yake ni ile ile.

Kwanza hewa. Chukua injini ya dizeli ya lita 5, ambayo ni kadiri ya malori haya. Ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, hunyonya karibu lita 5,000 za hewa katika dakika hiyo moja, na ikiwa na tabo hunyonya zaidi. Hewa yote hiyo hupita katika chujio la karatasi iliyokunjwa-kunjwa. Chujio likitoboka au likikaa kombo, vumbi huingia ndani, huchanganyika na mafuta ya injini, na mchanganyiko huo husaga silinda kama msasa.

Wengi hulisafisha chujio kwa namna inayoliharibu. Utingo hulitoa, hulipiga-piga juu ya tairi, kisha hulirudisha. Kumbe ule ukingo wake umepindika na hauzibi tena. Wengine hulipuliza kutoka nje kwa upepo mkali wa kujazia tairi, na hivyo vumbi huzidi kupenya ndani ya karatasi. Kama huna budi kupuliza, puliza kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo mdogo, mdomo wa bomba ukiwa mbali kidogo. Usilioshe kwa maji wala kwa petroli. Na ikiwa kuna chujio la pili, dogo, ndani ya lile kubwa, hilo halisafishwi, hubadilishwa. Ukimaliza, tia tochi ndani ya chujio mahali penye giza. Ukiona nuru inapenya, hata kama ni tundu la sindano tu, litupe.

Chini ya kopo la chujio malori mengi yana kidomo cha mpira. Kibonye kila asubuhi, vumbi lianguke. Lakini usifungue kopo lenyewe kila siku ili kutazama tu, maana kila ukilifungua vumbi hupata njia. Ngoja siku ya kubadili mafuta, fungua bomba lililo kati ya chujio na injini, upanguse ndani kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka na vumbi, hewa chafu inapita mahali. Tafuta bomba la mpira lililopasuka au klipu iliyolegea kabla ya kwenda safari nyingine.

Sasa maji. Maji ya visima vingi vya Kajiado yana chokaa na chumvi. Ukitaka kujua, tazama ndani ya birika la chai, uone ukoko mweupe. Ukoko huo huo hujengeka ndani ya rejeta na katika njia za maji za injini, joto likakosa pa kutokea. Basi kinga maji ya mvua kwenye mabati, uyaweke katika mtungi wenye kifuniko kwa ajili ya lori peke yake, na uyachanganye na kulanti kwa kadiri iliyoandikwa kwenye chupa. Lori likichemka njiani, zima injini na ungoje. Usifungue kifuniko cha rejeta kingali moto, maana mvuke utakuunguza uso, wala usimimine maji baridi katika injini yenye moto, kwa kuwa kichwa cha injini chaweza kupasuka.

Yuko fundi atakayekuambia kwamba dawa ya kuchemka ni kuondoa themostati. Usikubali. Themostati huizuia rejeta mpaka injini ipate joto lake. Ukiiondoa, injini hukimbia ikiwa baridi, hula dizeli nyingi na kuchakaa upesi, na ule ugonjwa uliochemsha maji bado uko pale pale. Mwambie atafute rejeta iliyoziba, mkanda uliolegea, au pampu ya maji inayovuja.

Dizeli nayo ina maji ndani yake. Fungua kirubuni kidogo kilicho chini ya chujio la dizeli kila asubuhi kabla ya kuwasha, maji yatoke. Nunua dizeli katika kituo unachokijua. Mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa, kwa sababu watu walikuwa wakiyachanganya na dizeli. Mafuta ya taa hayalainishi pampu na nozeli kama dizeli ilainishavyo, na pampu mpya ni ghali mno.

Kabla ya kwenda kwa fundi, tazama moshi. Ukiwa mweusi, hewa ni chache au dizeli ni nyingi, basi anza na chujio. Wa samawati ni mafuta ya injini yanayoungua. Ukiwa mweupe hata injini ikiisha kupata moto, yamkini maji yanaingia. Mafuta yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, zima injini papo hapo.

Uzito nao huua springi na breki. Sheria ya Kenya huruhusu lori la ekseli mbili tani 18, gari na mzigo pamoja. Hiyo ni kadiri ya barabara, siyo kadiri ya lori lako. Soma kibati kilicho mlangoni. Mita moja ya mchanga mkavu, yaani mita kila upande, ina uzito wa tani 1.6 hivi, na mchanga uliolowa hukaribia tani 2. Basi mzigo uliokuwa halali wakati wa kiangazi siyo halali baada ya mvua, ingawa kwa macho ni ule ule.

Kutoka Kona Baridi kwenda Magadi barabara hushuka zaidi ya mita 1,000. Huko ndiko breki hujaribiwa. Shuka kwa gia ndogo tangu juu, usingoje mpaka gari lishike mbio. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewani, na yakipata moto maji yale huchemka, pedali ikazama bila kushika. Yabadilishe kila miaka 2 au mapema zaidi. Yenye breki za upepo, mwaga maji yaliyomo katika matangi yake kila siku.

Ukifika salama, tazama kati ya tairi mbili za nyuma kama kuna jiwe lililobanwa, ulitoe. Na ukibadili gurudumu, kaza nati tena baada ya kilomita 50 hivi.

La mwisho linahusu uhai. Usiingie chini ya lori linaloshikwa na jeki peke yake, wala chini ya bodi ya tipa iliyoinuliwa, hata kwa kutia grisi tu. Bomba moja la mafuta likipasuka, bodi huanguka ghafla. Weka nguzo yake ya chuma au gogo gumu la mti kwanza, na gogo hilo likae ndani ya lori siku zote, kwa kuwa kwenye mbuga za Isinya hutapata mti wa kukata.