Maumivu ya tumbo yasiyostahili kusubiri asubuhi

MAUMIVU ya tumbo yanapomshika mkazi wa Mathare usiku wa manane, aghalabu hutafuta vidonge vya kutuliza maumivu na kusubiri kukuche. Mara nyingi hupona. Hata hivyo, kuna maumivu yasiyostahimili subira: yale yatokanayo na damu kushindwa kufika matumboni.

Utumbo huishi kwa oksijeni inayoletwa na damu, na sehemu kubwa ya utumbo mwembamba hutegemea ateri moja kuu. Ikizibika ghafla, saa sita hivi zaweza kutosha kuleta madhara yasiyorekebishika. Utumbo uliokufa hutoboka, uchafu ukamwagika ndani na sumu ikaenea mwilini.

Kisababishi kimoja ni donge la damu linalochomoka moyoni, hasa kwa mwenye mapigo yasiyo ya kawaida au vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi. Homa hiyo huanzia kwenye maambukizi ya koo yasiyotibiwa, na hustawi penye msongamano wa watu. Kwa wavutaji sigara na wenye kisukari, mishipa huweza kuwa myembamba polepole. Hao huumwa kila baada ya kula, wakakonda. Aidha, utumbo mpana kujisokota, tatizo linalojulikana sana Afrika Mashariki, na henia iliyonasa hukaba mishipa.

Dalili kuu ni maumivu makali ya ghafla ilhali tumbo, mwanzoni, lingali laini likibonyezwa. Kutapika na kuharisha, pengine damu, huweza kufuata, na wengi hudhani ni homa ya matumbo. Utumbo mpana ukijisokota, tumbo huvimba na mgonjwa hushindwa kwenda haja.

Hospitalini, picha ya CT huonyesha palipoziba. Mgonjwa hutiwa maji mshipani, akapewa antibiotiki na, panapohitajika, heparini ya kuzuia damu kuganda. Daktari wa upasuaji huondoa donge na kukata sehemu iliyokufa. Utumbo mpana uliojisokota, ukiwa ungali hai, huweza kunyooshwa kwa mrija kupitia njia ya haja kubwa.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 chasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Ukosefu wa pesa usimzuie mgonjwa nyumbani. Ambulensi isipoweza kupenya vichochoroni, majirani wambebe hadi Juja Road, apelekwe hospitali yenye chumba cha upasuaji.

Wahenga walinena kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwa maradhi haya, hilo si fumbo.